Zamu ya Arobaini na Tatu

Mji niliuteka zamu ya arobaini na tatu,
saa nne kasoro usiku, hapa Manyatta, stima imerudi tu,
kwa mizinga miwili na wapanda farasi
ambao nusu yao hawakurudi kula.
Ukuta ukaanguka. Tarumbeta ikalia kwenye spika iliyopasuka.
Ramani ikageuka rangi yangu, kijani cha mchicha,
nami nikanyoosha mgongo kama mtu aliyemaliza kufua.

Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Naufungua mji. Karakana kimya. Ghala tupu.
Kando ya jina pana ngumi ndogo nyekundu
na namba: nane. Zamu nane za ukaidi.
Watu elfu kumi na moja, na hakuna hata mmoja
anayeniokea mkate.

Mdogo wangu Wekhuyo, kifudifudi mkekani,
anasema bila kuinua kichwa: "Uchome.
Kitufe kiko pale chini, chenye moto. Wote huchoma."
Nikamwambia, mji una maktaba.
"Basi weka kibaraka, akutawalie."
Nikamwambia, vibaraka nawajua, nafanya kazi nao.

Mimi ni karani wa ushuru, soko la Kibuye.
Kila alfajiri nashika kitabu cha risiti
napita kati ya mafungu ya osuga na marobota ya mitumba,
na naijua sura ya mtu anayelipa
bila kukubali.
Mama Nyagilo, wa omena, hunihesabia sarafu moja moja,
polepole, hadi mchukuzi nyuma yangu aanze kusonya,
kisha risiti yangu anaifungia omena ya mteja.
Hajawahi kukosa kulipa.
Hajawahi, pia, kuniangalia usoni.
Miaka mitatu. Ngumi yake ndogo nyekundu
haina namba.

Kwa hiyo mji nikaupunguzia kodi, hadi sifuri.
Hekalu lao sikuligusa, ingawa mungu wake
alikuwa akinichafulia hesabu.
Langoni nikaacha askari mmoja, yule mzee wa mkuki
aliyebaki na robo ya uhai;
hata akitaka kutisha, atamtisha nani?
Nikajenga ghala jipya la nafaka. Zamu tano
dhahabu ikinivuja kama mtungi wenye ufa.
Wekhuyo akacheka: "Mji wako umekuteka."
Nikasema, husemwa asiyekubali kushindwa si mshindani;
na asiyejua kushinda, yeye anaitwaje?
Hakujibu. Usingizi ulishamchukua.

Jina nalo nililibadilisha, nakiri.
Niliandika la mama, NASIMIYU, herufi kubwa zote,
halafu nikamfikiria mtu
anarudi jioni, jembe begani,
anakuta mamake mtu mwingine
kaandikwa juu ya lango lake.
Nikafuta. Nikarudisha la zamani, nikakosea tahajia.

Zamu ya hamsini na moja ngumi ikatoweka.
Hapakuwa na ngoma wala vigelegele.
Mchoro wa mkate mmoja tu, kando ya jina.
Nikautazama muda mrefu kuliko nilivyoutazama ukuta ukianguka.

Zamu ya hamsini na tatu, niko vitani kaskazini,
ujumbe: mji umerejea kwa mfalme wake wa awali.
Nikakimbilia ramani.
Yule mzee wa mkuki walikuwa wamemtoa nje,
kasimama peke yake nyasini, lango limefungwa nyuma yake,
na mstari wake wa uhai
umejaa hadi mwisho.
Walikuwa wamemtibu.

Ningeweza kurudi nyuma zamu mbili, mchezo unaruhusu.
Nikazima.

Asubuhi, Kibuye, Mama Nyagilo anahesabu.
Moja. Mbili. Mchukuzi anasonya.
Alipofika ya saba nikamwamkia,
kwa lugha yake, kwa tahajia yangu mbovu ya mdomo.
Mkono ukasimama juu ya karai.
Akapoteza hesabu.
Akazikusanya sarafu zote, akaanza upya:
moja.