Chupa ya Marehemu

Nyuma ya mashine ya kusaga muhogo, mjini Arua,
nimepanga chumba kwa bei ya stoo.
Unga hupenya chini ya mlango, hutua juu ya nyaya,
na kila asubuhi, kabla hawajafika, nafuta vumbi jeupe
kama ninayeogesha watoto wa mwenzangu.

Rafuni nina chupa ya asali isiyo na asali.
Ndani yake: vitaa ishirini vilivyoungua,
vidhibiti viwili vinavyonuka moshi hadi leo,
mota moja iliyofia mkononi mwa Anguyo, Jumanne ya kwanza.
Wanafunzi huiita makaburi.
Mimi naiita daftari la mahudhurio.

Kitaa kina miguu miwili, huwaambia,
mrefu chanya, mfupi hasi,
na umeme haupiti mlango wa nyuma hata ukiubembeleza.
"Na rezista ni ya nini?" akauliza Drateru,
miaka kumi na mitatu, vidole vinanukia vitunguu vya mamaye wa sokoni.
Sikumjibu. Nilimpa betri.
Kikawaka mara moja, kikali kuliko haki yake,
halafu kimya.
Ndicho kile cha ishirini. Hajaniuliza tena.

Juma la tatu tukaandika msimbo:
washa, subiri, zima, subiri.
Maneno manne, dakika arobaini,
kompyuta moja, shingo sita,
na nukta mkato iliyosahauliwa mstari wa saba.
Onzima aliitafuta kama atafutaye chawa kichwani mwa mdogo wake,
akaipata, akaruka, akaangusha benchi.
Kitaa kikakonyeza.
Kikakonyeza tena.
Kikaendelea kukonyeza kama hakina kazi nyingine duniani,
na kweli hakina.

Kisha gari.
Magurudumu ya soli za kandambili,
macho mawili chini ya tumbo,
ubongo usiozidi kiberiti.
Kazi yake kufuata utepe mweusi sakafuni, basi.
Siku ya wazazi tulibandika duara zuri lenye kona moja ya maringo.
Liliufuata. Wakapiga makofi.
Mzunguko wa pili likakaribia mlango,
pale oili chafu ya mashine ilipojichorea njia,
likasita, likatikisa kichwa,
likauacha utepe wetu.

Likatoka nje.
Likapita katikati ya magunia na miguu ya wateja,
nasi nyuma yake, wazazi, watoto, kuku wawili,
mpaka chini ya injini, kwenye dimbwi jeusi,
likaanza kuzunguka hapo hapo
kama lililofika kwao.

Mzee Candia, mwenye mashine, akasema:
"Limekuja kuomba kazi."
Uwanja mzima ukacheka. Nami nikacheka, kuficha uso.
Drateru hakucheka. Alipiga magoti kwenye oili, na sare yake,
akaligeuza tumbo juu, akalitazama machoni.
"Halikukosea," akasema. "Tuliliambia nyeusi.
Hatukuliambia nyeusi ipi."

Nimefundisha miaka sita. Nina karatasi zenye mihuri.
Sijawahi kulisema hivyo.

Jioni alibaki na Onzima, wakipima, wakiandika ukutani kwa chaki:
utepe, mia nane arobaini;
oili, mia saba tisini.
Tofauti hamsini. Ndiyo nafasi yote tuliyopewa
ya kupenyeza maana yetu.
Umeme ukakatika. Nikasikia kupitia ukuta
wakigombania tochi ya simu,
nikaenda zangu kulala, nikawaachia ufunguo.

Asubuhi nikafuta unga.
Gari lilikuwa juu ya meza, limefunuliwa mgongo.
Chupani, mota ya pili.
Na ukutani, chini ya namba, mwandiko ulioinamia kushoto:
*samahani mwalimu*
kisha, kwa chaki iliyokuwa inaisha:
*lakini nimejua kwa nini.*