Kipimo cha Kache

Nilimtajia nambari yake kwa sauti ya chini,
kama muuguzi anayesoma sukari ya damu:
mia tatu na themanini na saba.
"Kati ya ngapi?" akauliza Kache.
Kati ya mia tisa.
Akageuza uso dirishani, kule soko la Malindi
wanakofua nazi, akanyamaza,
kisha: "Hata shuleni sikuwahi kuanguka hivi."

Alitaka mashine ya ovaloku.
Januari inakuja na sare za shule tatu,
ya Barani, ya Maweni, na ile ya watawa,
na cherehani yake ya miguu inatafuna uzi.

Kosa lenyewe dogo. Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu:
shilingi mia sita na arobaini, mkopo wa simu,
usiku ule Sidi alipobanwa na kifua
na mwenye tuktuk hakutaka ahadi.
Wiki ya pili simu ikaibwa. Laini ikafa.
Deni halikufa. Lilikaa gizani likihesabu siku,
thelathini, sitini, tisini,
na ya tisini na moja likapeleka jina lake Nairobi.

"Na hizi je?"
Hizo ni mara saba ulizobisha hodi mwezi mmoja,
apu hii ikikataa, unakimbilia ile.
Kila aliyekuchungulia ameacha alama ya kidole.
Nambari humwona mtu anakimbia,
haiulizi anakimbizwa na nini.

"Na kodi ya chumba? Miaka kumi na mmoja sijachelewa."
Haimo.
"Chama chetu cha Jumanne? Kikapu nakishika mimi."
Haimo.
"Mamangu hajakopa hata chumvi."
Mama hana nambari, Kache. Kwa mashine hii
asiyewahi kudaiwa ni kama hajazaliwa.

Ningeweza kusema duka la baba lilikuwa bora.
Nililelewa chini ya kaunta ile, Shella,
nikinakili madeni kwa mwandiko wa madrasa:
mafuta ya taa nusu, unga, sabuni kipande.
Baba alikuwa na nukta zake pembeni mwa majina.
Moja: mpe. Mbili: mpe, ila mkumbushe.
Tatu: mwambie sukari imekwisha.
Msiba ukiingia nyumbani kwa mtu, alikunja ukurasa wake
na hakuukunjua mpaka arobaini ipite.
Hilo kweli.
Lakini mamake Kache alikuwa na nukta tatu
kabla hajachukua kitu.
Kaka yake alikuwa amegombana na baba
kwa ajili ya mbuzi.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilimwambia sukari imekwisha
nikiwa nimekaa juu ya gunia lake.

Nambari haimjui yule mbuzi.
Haikijui pia kifua cha Sidi.

Lipa, nikamwambia, na faini yake, udai barua ya kumaliza.
Doa litafifia, halitoki kwa fuo moja.
Kisha chukua kidogo, ulipe kabla ya tarehe,
mwezi huu, na ujao, na ujao.
"Yaani nikope nisichohitaji
ili nionekane nikilipa?"
Ndiyo.
Alicheka mpaka askari wa mlangoni akachungulia.

Alipoinuka alivua utepe shingoni
akanizungushia kiunoni, juu ya buibui, foleni ikitazama.
"Thelathini na nane. Idi iliyopita, thelathini na nne."
Akafungua daftari lake la wateja,
akaandika jina langu, na tarehe.
Sikuuliza kati ya ngapi.
"Usijali," akasema, akiuma kifuniko cha kalamu,
"mimi siipeleki Nairobi.
Njoo mwezi wa tatu, tutapima tena."