Nimea

Kanda ilifika Hombolo mwaka wa njaa,
mfukoni mwa mchimba visima wa Austria
aliyetoboa ardhi mara tatu, akakuta chumvi,
akaondoka. Kanda akaisahau kwa baba
pamoja na spana namba kumi na saba.

Kwenye jalada: Rupert Kaltner, gitaa jekundu,
nywele kama suke la mtama lililodonolewa na ndege,
shingo imeinama
kama anayemsikiliza mtu aliye chini ya jukwaa.
Basi. Zaidi ya hapo hatukujua kitu.

Baba alikuwa fundi redio.
Kila spika aliipima kwa Rupati;
iliyokwaruza kwenye sauti ya juu haikurudishwa kwa mwenyewe.
Siku mashine ilipoitafuna kanda
aliivuta taratibu, akakata palipoharibika,
akaiunga kwa rangi ya kucha ya mama,
akaizungusha kwa penseli.
Ndiyo maana wimbo wa nne unaruka:
anavuta pumzi, na papo hapo
keshamaliza ubeti.

Kiitikio tulikishika wote.
*Nimea*, aliimba, *nimea, nimea*,
gitaa likitimka kama vumbi la mbuzi.
Mama kwenye palizi la uwele: nimea.
Mahinyila wa mashine ya kusaga, mweupe kwa unga: nimea.
Desemba ile mvua ikaja, ikakaa.
Nani angetuambia si yeye aliyeileta?

Leo kibanda ni changu, sokoni Majengo.
Nyemo, binti yangu, anasoma Kijerumani chuoni.
Akavaa spika za masikio, akacheka,
kisha akaacha kucheka.
"Baba, hasemi nimea.
Anasema *nie mehr*. Kamwe tena.
Anamwambia mwanamke kwamba harudi."

Akatafuta habari zake.
Miaka tisa ya kumbi zilizojaa, Graz mpaka Linz,
kisha koo, kisha pombe,
kisha gari la posta, akigawa barua milimani.
Amekufa Machi. Gazeti la kwao limempa
aya mbili, na moja inahusu deni.
Hombolo haimo.

Nikazima. Mteja akasema, "Acha iendelee, fundi."
Nikawasha.

Mama sijamwambia.
Jana kapiga simu, upepo unamkata maneno:
uwele umetoka, vidole viwili,
shamba zima, hata pale penye chumvi.
Halafu akaliimba, kwa sauti ile ile ya palizi,
na mimi, mwenye kujua,
nikaitikia.