Robo Mzunguko

Tangu wavunje kioo mwezi wa Februari
wakachukua koti, chaja na kiatu cha mpira cha mtoto
(kimoja tu; cha pili walikiacha barabarani),
gari letu halina imani na mtu.
Lori la taka likipita, linalia.
Mvua ya mawe, linalia.
Paka wa namba kumi na tisa akiweka unyayo kwenye boneti
kutafuta joto la injini,
linalia mpaka Mtaa wa Clegg mzima uwashe taa.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka,
akasema Mwanakombo, mto juu ya kichwa.
Nikamjibu kwa kelele za mlango,
kwamba hazimnyimi mwenye nyumba usingizi.
Akasema: waliotunga hiyo hawakuwa na Astra.

Jumanne nikakuta karatasi chini ya waipa,
imetiwa kwenye mfuko wa plastiki isilowe,
mwandiko wa shule za zamani,
herufi zimeinamia upande mmoja kama nyasi za mlimani:
Jirani mpendwa. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Tena.
Wako, Bibi D. Ollerenshaw.

Basi Jumamosi nikalala chali chini ya usukani,
miguu nje, kwenye manyunyu ya Oldham
ambayo si mvua, wala si kukosa mvua,
tochi nimeiuma kwa meno.
Kihisi chenyewe hakikizidi kibiriti.
Kimefungwa kwa mkanda kwenye fungu la waya,
ubavuni kina skrubu ndogo, punje ya ufuta.
Kulia, kinasikia zaidi.
Kushoto, kinasamehe.

Nikazungusha kushoto, nikafunga milango,
nikangoja kitaa chekundu kianze kupepesa.
Nikapiga kioo kwa kiganja: kimya.
Kwa ngumi: kimya.
Nikalipiga gurudumu teke. Kidole kikauma, gari halikuuma.
Sasa hata mtu akilibeba mgongoni
halitamwuliza wanakwenda wapi.

"Unapiga kama mtu anayebisha hodi."
Bibi Ollerenshaw, gauni la kulalia, viatu vya bustani,
mkononi mti wa kusukumia unga.
"Mwizi habishi hodi. Sogea."

Robo mzunguko kulia. Akapiga. Kimya.
Robo ya robo. Akapiga, akaguna,
akakunja mkono wa gauni.
Tukaendelea hivyo, mimi chini nazungusha, yeye juu anaiba,
kijana wa posta amesimama na barua zetu
hajui ampigie nani simu,
hadi gari likapiga ukelele na taa zake zote
na bibi wa miaka themanini na mmoja
akainua mikono juu kama aliyekamatwa, akicheka.
Nilipolinyamazisha na kulifunga tena,
akagusa boneti kwa vidole viwili,
polepole, kipaka.
Kimya.
"Hapo," akasema. "Usikiguse tena."

Alfajiri ya Jumanne lori lilikuja.
Nililisikia tangu kona ya kanisa,
breki zake, mapipa yake, chupa zikimiminika.
Kijiko kilitetema kwenye sahani.
Nikashika pumzi.
Mwanakombo amelala. Gari limelala,
kitaa chake kinapepesa bila haraka.
Nikafunua pazia:
ng'ambo, dirisha la juu, taa inawaka,
Bibi Ollerenshaw naye yu macho,
anasubiri kelele isiyokuja.