Wastani

Walinipa kishikwambi, koti la kijani, na swali moja:
Hapa mwalipa kodi kiasi gani?

Maweni nilimkuta Nyevu wa Tsuma
akifua mashuka ya hoteli asiyoingia kwa mlango wa mbele.
Elfu tatu na mia tano, akasema. Andika na choo.
Nikamwambia fomu haina mahali pa choo.
Basi andika pembeni:
choo kimoja, milango saba, na ufunguo
hukaa kwa mwenye nyumba ikishapita tarehe tano.
Fomu haikuwa na pembeni.

Kisumu Ndogo fundi simu alinijibu kwa siku:
Mia na hamsini, kila jioni.
Mwezi siujui ni mnyama gani.
Nikazidisha kwa thelathini. Akacheka:
We nawe, wanilaza hata siku nilizofungiwa nje.

Muyeye, Bi Mwanakombo Lali.
Nyumba yake, kiwanja cha watu.
Ameijenga miaka ishirini, chumba kwa chumba,
akimlipia ardhi mtu asiyemjua sura.
Risiti zote anazo, ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Sasa mwanangu, mimi ni mwenye nyumba au mpangaji?
Kishikwambi kilitaka kimoja.
Nikabonyeza. Sikumwambia nini.

Kasuarina mlinzi alisema nami kwa tundu la geti:
Laki mbili na themanini. Lakini ni Agosti na Desemba tu.
Na sasa?
Sasa kuna bwawa, na mimi wa kulitazama.
Walala wapi?
Akaonyesha Barani kwa kidevu,
kama mtu anayeelekeza penye msiba.

Ofisini tukajumlisha, tukagawa.
Hesabu haina macho: ililibeba lile bwawa
ikalimimina katika choo cha milango saba,
ikatutolea nambari moja, safi kama sahani ya mgeni:
elfu kumi na moja, mia nne.
Mkuu akasema, hiyo ndiyo kodi ya haki.

Nyumba hiyo nimeitafuta. Wallahi nimeitafuta,
Ngala, Majengo, Malindi nzima,
hodi hodi hadi kisigino cha kiatu kikalika upande.
Hakuna aliyezaliwa humo.
Hakuna aliyefungiwa nje yake.

Ila mmoja aliiona.
Bwana Msellem, mwenye nyumba wangu,
alikuja juzi na karatasi yetu mkononi,
mhuri niliougonga mwenyewe ukiwa bado mbichi.
Mimi hulipa elfu sita.
Alikaa, akakataa chai, akasema kwa upole
kama mtu aliyetumwa salamu:
Serikali imesema kumi na moja. Mimi si mtu mbaya.
Nipe tisa.

Nikamuuliza, na choo?

Akavaa miwani. Akapitisha kidole mstari kwa mstari,
juu hadi chini, bila haraka.
Choo, akasema, hapa hamkuandika.