Hatua Hamsini na Moja

Tela letu lilichomelewa Mabatini kwa Fundi Ngwitamo,
juu ya ekseli ya pikapu iliyokwisha kufa.
Lina kitanda, dirisha la wavu, rafu ya sufuria,
na friji dogo kama sanduku la mwanafunzi wa bweni,
kwa ajili ya insulini ya mume wangu
na, kwa maneno yake, kwa ajili ya soda.

Tulistaafu mwezi mmoja, yeye bandarini, mimi masijala.
Miaka thelathini na moja juu ya mawe ya Igogo
tumelitazama ziwa
kama watu wanaochungulia harusi ya jirani.
Sasa tunataka kulala miguuni pake.
Lakini friji halili maneno.

Tukashuka mjini asubuhi na mapema,
kabla pikipiki hazijaanza kugombana.
Lugembe akaliendea moja kwa moja lile kubwa,
jekundu, la magurudumu, kilowati tano na nusu,
akalipigapiga mgongoni kama mnunuzi mnadani.
"Hili linaendesha hata kinu cha mahindi."
Nikamuuliza: Kwani Kayenze tunakwenda kusaga?

Nilikuwa na karatasi. Masijala haimtoki mtu mwilini.
Taa mbili, wati kumi. Feni, arobaini.
Friji, sitini likishatulia,
ila likiamka hudai mara tatu, mara nne,
kama mtu aliyeamshwa kabla ya chai.
Birika la umeme nikalikata kwa kalamu nyekundu; mkaa upo.
Televisheni...
hapo kalamu ilisita, maana alikuwa anachungulia begani.
Nikaandika: hamsini.
Ndoa nayo ina wati zake.

Muuzaji, kijana aitwaye Mhoja, akanitajia desibeli.
Mimi desibeli sizijui.
Nikamwambia: "Washa. Nitatembea mpaka nisilisikie."

Lile kubwa lilinisindikiza.
Nikampita mshona viatu, nikalipita duka la nyavu,
nikampita mama wa ndizi aliyetaka kujua nahesabu nini,
hatua mia mbili na kumi,
na bado lilikuwa linanisema kisogoni.
Likiwashwa hilo ufukweni, sato wote watahamia Ukerewe.

Lile dogo la inveta, lenye mpini kama mkoba,
lilininyamazia kwenye hatua ya hamsini na moja.
Nikarudi nikaliinua mwenyewe, na nyonga yangu hii mbovu,
kilo ishirini na moja,
kwa sababu ipo siku yeye atakuwa amelala hajiwezi
na mimi ndiye nitakayelishusha.
Hilo sikulisema.
Nilisema, "Rangi yake nzuri."

Bei ikawa nene kuliko ya lile kubwa.
"Yaani tunanunua kimya?" akauliza Lugembe.
Nikamwambia Mhoja aandike risiti.

Kayenze tulilifunga kwa mnyororo kwenye jiwe,
bomba la moshi likitazama ziwani, mbali na dirisha.
Mhoja alilirudia hilo mara tatu: moshi ule haumwamshi mtu.
Tukawasha taa. Wadudu wa ziwa wakaja, wingu zima lenye mbawa,
wakaingia kwenye ugali, masikioni, kwenye soda.
Tukazima taa. Tukazima na televisheni, mpira ukiwa sare.
Karatasi yangu yote ikabaki friji tu.

Saa nane usiku nikaamka.
Nikalitegea sikio jenereta: lilikuwa kama mtu anayesoma kimoyomoyo.
Nikafungua friji, nikagusa vichupa. Baridi.
Kilichoniamsha kilikuwa kingine.
Lugembe, chali, anakoroma
kwa kilowati zote tano na nusu.
Huyu nilimchukua bila kumjaribu kwa mbali.

Nikashuka tela polepole, nikaanza kuhesabu.
Mchanga, kokoto, mchanga tena.
Kwenye hatua ya thelathini na nane maji yakanigusa vidole.
Bado nilikuwa namsikia.
Nikasimama papo hapo.
Sikutaka kwenda mbele zaidi.