Koti Namba Tisa

Tangazo lilikuwa na aya nne.
Nafasi moja, baiolojia ya seli za vimelea,
miezi ishirini na minne. Mwombaji awe na uzamivu.
Mimi ndiye niliyelibandika, kando ya zamu za kuosha vyombo,
nikalisoma neno hilo mara mbili. Uzamivu.
Basi wanamtaka mtu aliyekwisha kuzama,
na hawasemi ataibukia wapi.

Akaja Slavěna Hrubešová, kutoka Jihlava, mwezi wa pili,
theluji ya Budějovice imekwisha kuwa tope.
Mkoba mmoja. Baiskeli isiyo na breki ya nyuma.
Nikampa koti namba tisa.
Ndani ya ukosi mna majina: Otakar, Imrich, Vlasta,
kila jina limekatwa na kalamu ya aliyefuata.
Hakuuliza walikokwenda. Aliazima kalamu.

Hapa hakuna mbung'o. Baridi ingemuua kabla hajatua.
Ila kimelea cha malale tunacho, kizazi juu ya kizazi,
kinaogelea katika mchuzi mwekundu ndani ya kabati la joto,
nyuzi ishirini na saba usiku na mchana,
joto ambalo mimi mwenyewe hulipata Julai tu.

"Njoo uone, Bohuna," akaniita siku moja.
Miaka ishirini na sita nachemsha chupa zao,
hakuna aliyewahi kunisogezea kiti cha hadubini.
Nikaona: seli yenye mkia mmoja, inajiandaa kuwa mbili.
Mkia mpya haukui ovyo.
Ncha yake imeung'ang'ania mkia mkongwe,
inaufuata taratibu,
kama mtu ashukaye ngazi gizani, kiganja ukutani.
"Ni nini kinachoishikiza?" akauliza, wala hakuniuliza mimi.
Hilo ndilo lilikuwa swali, swali zima.
Kwa hilo alilipwa, pungufu kidogo ya dereva wa basi.

Mwezi wa sita seli zilikufa. Ukungu.
Mwezi wa kumi na moja zikafa tena:
mlango wa kabati haukufungwa sawasawa,
na aliyeuacha wazi ni mimi.
Nilimwambia. Akanyamaza, akamenya chungwa,
akanipa nusu.

Mwezi wa kumi na tisa akazima jeni moja, na mikia ikaachia:
ile mipya ikapepea pembeni, haijui pa kwenda.
Alipiga kelele hata mlinzi akapanda ngazi mbio.
Profesa Kadlec akainama, akatazama, akasema, "Inavutia,"
neno ambalo katika jengo hili maana yake ni subiri,
na kusubiri kunataka mshahara,
na mshahara ulikuwa na tarehe.

Aliondoka wiki ya mapipa,
samaki wa Krismasi wakipigapiga maji kando ya barabara,
watu kwenye foleni wakichagua wa kupeleka nyumbani hai.
Katika tangi la naitrojeni aliacha vichupa kumi na viwili,
mwandiko mdogo, umelalia kushoto.
Sasa anafundisha kemia sekondari, kwao Jihlava.
Baiskeli, aliniandikia, imepata breki.

Jana, ruhusa sikuomba, nikatoa kichupa kimoja.
Nikakiyeyusha kiganjani. Kiliunguza kwanza, kisha kikalowa.
Tone chini ya kioo. Nikakaa kwenye kile kiti.
Kimya.
Takataka, na kimya tena.
Macho yakaanza kunitoka machozi kwa kukodoa.
Halafu kimoja, pembeni kabisa, kikajinyonganyonga.

Kesho nabandika tangazo. Aya nne zilezile.
Koti nimelifua mara mbili kwa maji ya moto;
wino wa ukosini umegoma kutoka.